Bwana Ubora na Kopo la Namba Nne

Bwana Ubora alikuwa na peni nne kwenye mfuko wa shati: nyeusi ya tarehe, bluu ya idadi, kijani ya kukusifu na nyekundu ya kukuumiza. Katika miaka mitatu aliyokaa kwenye uwanja wetu wa dagaa, ile ya kijani haikuwahi kuisha wino. Nyekundu alikuwa akiagiza kwa boksi. Sisemi hivyo kwa masihara. Mimi ndiye niliyekuwa natumwa dukani.

Alizaliwa wapi, wazazi wake walikuwa nani, siyajui hayo. Sikumuuliza, na yeye hakutuuliza yetu. Alifika Ujiji kwa gari la mwenye uwanja, akiwa na begi moja na ubao mweupe uliofunikwa blanketi kama mgonjwa. Tukaambiwa huyu ni mtaalamu, amesomea namna ya kuondoa kasoro kazini, amefanya kwenye viwanda vya soda na vya sabuni, na sasa atatunyoosha sisi wanawake wa dagaa. Jina lake lilitajwa siku ileile na hatukulitumia tena. Tulimwita Bwana Ubora mbele yake na nyuma yake, ila nyuma yake tulilitamka kwa namna nyingine.

Nianze na haki yake, maana nikiichelewesha nitashindwa kuisema. Kabla yake tulikuwa tunaanika dagaa kwenye mchanga wa ufukweni. Ukipika, mchanga unakwaruza meno, na ukienda haja unaujua tena. Yeye ndiye aliyemshawishi mwenye uwanja ajenge chanja kumi na mbili, meza za miti zenye wavu juu, zinazofika kiunoni. Mgongo ulipumzika. Dagaa walikauka juu na chini, waking'aa kama fedha. Wanunuzi kutoka Burundi, ambao wao wanasema ndagala, walirudi kwa wingi. Hayo yote aliyafanya yeye, na angeondoka mwezi ule chanja zilipokamilika, leo ningekuwa namwombea dua.

Hakuondoka. Alizipa chanja namba, moja mpaka kumi na mbili, kwa rangi nyeupe, kisha akatupa sisi namba za chanja zetu. Mimi nilikuwa Namba Tisa. Dada yangu Zaituni, aliyenitangulia kuzaliwa na kuingia kazini, na ndiye aliyenifundisha kugeuza dagaa bila kuwavunja shingo, alikuwa Namba Nne. Asubuhi ningemwamkia Bwana Ubora, "Shikamoo," naye angejibu, "Marahaba, Namba Tisa," bila kuinua macho kwenye karatasi. Mama Rehema wa chanja ya kwanza, mwanamke asiyeweza kukaa na neno mdomoni, alimwambia siku moja kwamba hata mbuzi wa sadaka huitwa kwa rangi yake. Bwana Ubora alimwambia majina yanachanganya, kwani akina Mama Rehema ni wengi lakini Namba Moja ni mmoja tu.

Alikuwa na msemo wake: "Leo kama jana." Kila jioni saa kumi alitusimamisha mbele ya ubao na kutusemesha kama watoto wa madrasa. Leo kama jana. Maana yake, alivyotueleza, ni kwamba adui wa kazi si dagaa mbovu peke yake, bali ni tofauti. Gunia la chanja ya kwanza na gunia la chanja ya kumi na mbili yanapaswa kuwa sawa, mnunuzi afungue lolote asijue limetoka kwenye mkono wa nani. Maneno hayo yana akili, sikatai. Ila yalisemwa na mtu aliyekuwa anakuja kazini leo saa mbili na kesho saa nne. Siku moja alikuwa mpole kama mgeni wa harusi, siku ya pili anapiga meza. Alipotaka chai, leo sukari vijiko viwili, kesho vinne, na ukikosea anakununia. Tofauti zote za uwanja ule zilikuwa na chanzo kimoja, nacho kilikuwa kinatembea na peni nne.

Tena hakuwa anakula dagaa. Naliandika hili taratibu ili msomaji asidhani amesoma vibaya. Harufu yake ilimchafua tumbo. Mchana alitumwa mtu kumletea nyama ya kukaanga na chipsi, naye akala ndani ya kibanda chake amefunga mlango, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutuambia dagaa mzuri ni yupi. Dada yangu alikuwa anamtafuna mmoja kutoka kila pembe ya chanja kabla ya kufunga gunia. Alisema dagaa aliyekauka sawasawa anavunjika kwa mlio, na aliyebaki na unyevu anapinda kimya. Bwana Ubora alimwambia mlio hauandikiki.

Mwezi wa kwanza tu alituchekesha, na ni kicheko kilichotupumbaza, tukadhani ni mtu wa kuchekesha tu. Dagaa wa ziwani huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi, wavuvi hupumzika na kushona nyavu, na chanja hukaa tupu siku kadhaa. Kila mtoto wa Kigoma anajua. Yeye alifika siku ya pili ya mbalamwezi, chanja hazijajengwa bado, akakuta uwanja hauna dagaa, akaweka nukta kwenye ubao mahali pa sifuri, nyekundu. Siku ya tatu akaweka nyingine. Siku ya nne akateremka ufukweni kuwauliza wavuvi wamegoma kwa sababu gani. Walimwambia ni mwezi. Alidhani wanasema mwisho wa mwezi, akawaahidi atazungumza na mwenye uwanja kuhusu malipo yao. Mama Rehema alicheka mpaka akakaa chini. Akamwambia, "Baba, mwite mwezi aje asaini, nasi tutamsemesha leo kama jana."

Nukta zile hakuzifuta. Alisema takwimu hazifutwi.

Sasa niseme habari ya makopo. Kila mmoja wetu alipewa kopo tupu la maziwa ya unga lenye namba ya chanja yake. Asubuhi saa mbili, unachota sado moja ya dagaa waliokwisha kukauka, yaani ile ndoo ndogo ya kupimia sokoni. Unachambua. Waliovunjika, wenye mchanga, wenye kuvu, walioungua jua wakawa kahawia, wote unawatia kwenye kopo. Bwana Ubora anapita, anahesabu walioko koponi, anaandika kwa bluu, halafu anaenda kuweka nukta kwenye ubao. Ukiwa chini ya mstari wa kikomo alioupiga ubaoni, sawa. Ukiupita, nukta nyekundu. Nyekundu tatu mfululizo, unapumzishwa. Hilo lilikuwa neno lake. Hakuwahi kumfukuza mtu. Aliwapumzisha.

Dada yangu alikuwa anawahesabu kwa sauti. Mmoja, wawili, watatu, sauti yake nyembamba ikivuka uwanja mzima, bila haraka wala aibu. Akifika arobaini alisema arobaini. Na alifika huko mara nyingi, kwa sababu chanja ya nne ilikuwa kando ya njia ya kuteremkia mitumbwini. Bodaboda zilipita hapo na magunia, vumbi likatua kwenye wavu. Halafu dagaa wa mbali, waliosafiri kwa boti kutoka Mwamgongo au Kagunga, wakifika wamelegea, walimwagwa chanja ya karibu zaidi na maji, ambayo ni hiyohiyo. Mtu yeyote mwenye macho angeliona. Ubao haukuwa na macho.

Mimi nilikuwa na chanja nzuri, ya katikati, na bado niliogopa. Nimeishia darasa la saba, sina kazi nyingine niliyoijua, na ile nukta nyekundu niliiota. Kwa hiyo nilikuwa nafika saa kumi na mbili, kabla yake, nachagua kona moja ya chanja, naondoa kila dagaa mbaya wa kona ile na kumtupa kwenye gunia la chakula cha kuku. Saa mbili nilichota sado yangu kwenye kona ileile. Kopo langu lilikuwa na watano, sita, basi. Kona ilikuwa safi. Sehemu iliyobaki ya chanja iliingia gunia ikiwa vilevile, tena mbaya kuliko zamani, kwa sababu muda wa kugeuza na kuchambua dagaa wote niliumalizia kwenye kona.

Sikuwa peke yangu. Nadhani tulikuwa saba au nane. Lakini nani mwingine alifanya nini si neno langu. Mimi nilifanya.

Bwana Ubora alinipenda. Nukta zangu zilikaa chini ya mstari, zimejipanga kama kunguru kwenye waya. Alinisimamisha mbele ya wenzangu, akanipa kanga, akasema, "Mtazameni Namba Tisa. Huyu amemshinda adui." Dada alinipigia makofi. Tulipofika nyumbani aliitazama ile kanga, akaikunja vizuri, akaniambia ni nzuri. Alijua. Tulikuwa tunatoka nyumba moja asubuhi, angekosaje kujua kwa nini naondoka mapema?

Nukta yake ya pili nyekundu mfululizo ilipowekwa, dada alimfuata Bwana Ubora kibandani. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai, nilisikia yote. Alimwambia kwa adabu kwamba tatizo ni mahali. "Tubadilishane na mdogo wangu wiki moja tu," akasema. "Mimi nikae tisa, yeye nne. Uone kama nukta inamfuata mtu au inakaa na chanja."

Mpaka leo nalifikiria neno lile. Mwanamke ambaye hakufika hata darasa la tano alimfundisha mtaalamu kazi yake kwa sentensi moja.

Bwana Ubora alisema kubadilisha watu kutavuruga takwimu za miezi yote. Akanigeukia. "Au Namba Tisa unasemaje?"

Nikasema, "Mimi sina la kusema, Bwana." Nikaweka birika mezani. Niliogopa kupelekwa chanja ya nne. Niliogopa zaidi dada afike chanja ya tisa, ahesabu kwa sauti kilichoko pale.

Kesho yake mama mmoja mnunuzi kutoka Burundi alirudisha gunia. Alilimwaga mbele yetu, na aliyoyasema hayahitaji kuandikwa. Mchanga, vichwa vitupu, kuvu. Magunia hayakuwa na namba. Katika kuhesabu kote kule Bwana Ubora hakukumbuka kuyaandika. Akauliza limetoka chanja gani. Basi akaenda mbele ya ubao, akasimama kama anayesoma, akarudi. Akasema haliwezi kuwa la tisa, haliwezi kuwa la kumi na moja, nukta zinaonyesha. Ni la nne.

Lilikuwa langu. Mimi hufunga mdomo wa gunia kwa uzi wa nyavu wa bluu, mafundo mawili, na uzi ule ulikuwa bado unaning'inia. Dada hushona kwa katani. Aliuona uzi. Akaniona mimi nikiuona. Akachukua kopo lake la asubuhi ile, akaliweka mezani pa Bwana Ubora. Akasema, "Walioharibika nakuletea mwenyewe kila siku. Gunia hili si langu."

"La nani basi?"

Mama Rehema aliinama, akaanza kuokota dagaa waliomwagika.

"Sijui, Bwana," dada akasema.

Katika miaka yote, hiyo ndiyo hesabu pekee ya uongo aliyowahi kumpa, na ndiyo aliyoiamini. Akatoa peni nyekundu. Akamwambia aweke hisia kando, takwimu hazimchukii mtu, na kuanzia kesho apumzike.

Njiani kurudi nyumbani nilikuwa nalia, yeye hapana. Aliniambia, "Wewe endelea. Tusikose kazi wote wawili." Hatukulizungumza tena.

Lazima niseme na hili, ingawa lingekuwa rahisi kuliacha. Kabla ya mambo hayo, mchana mmoja wa mwezi wa tatu, mvua ilishuka ghafla kutoka milima ya Kongo, mvua ya kuvuka ziwa ikiwa tayari imekasirika. Sote tulikimbilia turubai. Bwana Ubora alitoka kibandani na viatu vyake vya ngozi, akaingia topeni, akashika ncha ya turubai zito na kuivuta peke yake juu ya chanja ya nne, ile iliyokuwa wazi zaidi kwa upepo. Alisimama pale ameishikilia ile ncha ili isipeperuke, maji yanamtiririka puani, mpaka mvua ikaisha. Dada alimpa kanga ajifute. Akajifuta, akasema ahsante, akasahau kumwita namba. Nilimwona mtu siku ile, kwa kama nusu saa. Kesho yake aliandika kwa nyekundu kwamba chanja ya nne ilikuwa na unyevu.

Dada alihamia Mwamgongo kwa ndugu za mumewe. Huko alirudi kuanika kwenye mchanga, ameinama, kama kabla ya Bwana Ubora kuja na chanja zake. Mwaka wa pili aliugua kifua. Wakamleta Kigoma kwa boti, nikampokea, akakaa wodini siku kumi na moja. Simsingizii mtu. Watu huugua kifua hata wakiwa na kazi. Tulimzika Ujiji, na dagaa aliokuja nao kwenye kikapu, zawadi yangu, hawakuwa na mmoja mbaya. Niliwachambua wote nikitafuta.

Baada ya hapo niliacha uwanja. Nina meza yangu sokoni Ujiji, nauza dagaa na mawese kidogo.

Mwaka huu, asubuhi moja kabla ya joto, mzee mwenye fimbo alisimama mbele ya meza. Shati limemzidi mwili. Alikuwa anaokota dagaa mmojammoja na kuwainua kwenye mwanga, na nikamjua kwa hilo kabla sijaziona peni. Zilikuwa mbili tu. Nilimwamkia. Sauti ndiyo iliyomkumbusha.

"Marahaba," akasema. Halafu uso wake ukafunguka. "Namba Tisa!"

Alifurahi kweli, kama mtu aliyekutana na ndugu. Alisema amestaafu, amekuja kwa mwanawe aliyehamishiwa kazi hapa mjini, na daktari amemwambia ale dagaa, mifupa imechoka. Anawala akiwa ameziba pua. Akacheka. Kisha akaniambia kwamba miaka yote hii amekuwa akinitaja. Kila alikoitwa kufundisha, Mwanza, Dar es Salaam, viwandani, alikuwa akichora ubao wa nukta zangu. Mwanamke wa Ujiji, mwaka mzima bila kuvuka mstari. "Ninakutolea mfano," akasema. "Hata wenye digrii wanashangaa."

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi kwa ajili ya siku hiyo, mengine ya matusi. Hayakuja. Nilimweleza tu. Habari ya saa kumi na mbili, ya kona, ya gunia la kuku. Nikamweleza uzi wa bluu. Nikamwambia, "Gunia lile lilikuwa langu mimi."

Alisikiliza mpaka mwisho, ameegemea fimbo. Nilimtazama usoni nikingoja kitu, chochote kile. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kijitabu na peni.

"Kila asubuhi ulikuwa unaondoa wangapi," akaniuliza, "kwa wastani?"

Nikamwambia, "Sikuwahesabu. Aliyekuwa anahesabu ulimpumzisha."

Peni ilikaa juu ya karatasi bila kuandika. Baadaye akairudisha mfukoni, akakosea mfuko, akajaribu tena. Akasema basi nimpimie dagaa wake, sado moja, mwanawe anamngoja.

Nikachota sado katikati ya fungu, si kwenye kona. Nikaimwaga kwenye ungo mbele yake, nikavuta kopo tupu, nikaanza kuchambua kwa sauti. Mmoja, kavunjika. Wawili. Watatu, huyu ana mchanga. Wanawake wa meza za jirani waligeuka kutazama. Sina sauti nyembamba kama ya dada, yangu ni nzito, lakini nilikwenda kwa mwendo wake, bila haraka. Nilipofika kumi na tisa alibadilisha mkono wa fimbo. Nilipofika ishirini na sita aliinua kiganja.

"Inatosha, mama," akasema. "Nitachukua hivyohivyo."

Ungo ulikuwa bado nusu.

"Ishirini na saba," nikasema.

Akabaki amesimama.